Usimwambie Anaumwa

Lililoninyima usingizi wakati ule, mwanangu, ni jambo dogo ukilitazama kwa mbali: nikifika kwa Mama Wafula, nianze na salamu au nianze na habari? Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu karibuni, nikapata kazi katika ofisi ya serikali inayoshughulikia raia walioko nje. Mkenya akifia ugenini, ubalozi wetu wa huko hutuma faksi, nasi huitafuta familia yake. Faksi ya jioni ile ilimtaja Wafula, dereva wa lori katika nchi moja ya Ghuba. Mama yake, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa jirani yangu katika mtaa wa Jericho, Nairobi. Kwa hiyo nilipangiwa niende mimi.

Mkubwa wangu, Bwana Mulwa, alijua ninavyowaza kupita kiasi. Asubuhi alinikuta nikipanga maneno kwenye karatasi.

"Unaandika hotuba?"

"Natafuta pa kuanzia, mzee. Labda niseme kwanza kwamba yuko mahututi."

"Ukisema yuko mahututi, ataanza kumwombea apone. Halafu ni wewe utakayerudi kumnyang'anya hayo maombi. Mwambie amefariki, kisha nyamaza. Usiondoke mpaka amalize maswali."

Nilipoingia mtaani, vijana walioketi ukutani walinipigia kelele kama kawaida yao. "Niaje, Balozi! Visa yangu umeificha wapi?" Siku zote niliwajibu kwa utani. Siku hiyo nilipita moja kwa moja, nao wakateremka ukutani mmoja mmoja.

Kabla sijafika mlangoni, nilishikwa mkono. Alikuwa Mzee Simiyu wa mtaa wa Mbotela, baba mdogo wake Wafula. Rafiki wa marehemu alikuwa amempigia simu kazini kwake kumpa habari.

"Kijana, tutamwambia anaumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Jioni tupande naye basi hadi nyumbani Bungoma. Asikie akiwa katikati ya watu wake. Ndivyo sisi hufanya."

Sikumdharau. Alikuwa amezika wengi, na watu wetu huficha hivyo kwa huruma, ili mtu asianguke njiani. Lakini ubalozi ulikuwa unangoja neno. Wafula hakuwa na mke wala mtoto. Mama ndiye wa kusema azikwe kule au aletwe nyumbani, na hospitali ya huko isingeuweka mwili muda mrefu. Kama angeambiwa mwanawe anaumwa, mtu mwingine angemjibia swali hilo.

Tulimkuta akichambua mchicha. "Shemeji, leo hukuenda kazini? Na wewe Balozi, ofisi yenu imefungwa?"

"Shemeji," mzee akaanza, "kijana anaumwa kidogo."

"Anaumwa nini?"

Mzee akatazama mchicha. Mama akanigeukia mimi. "Huyu anasema anaumwa. Wewe unasemaje?"

Yale maneno niliyoyapanga yote yalinitoka kichwani. Nikamwuliza tu, "Mama, ungependa nani akae nawe?"

Akaweka sufuria chini, akaita dirishani, "Mama Mutua! Acha kufua, uje." Jirani yake akaja na povu mikononi, akaketi ubavuni pake. Ndipo nikasema, "Mama, Wafula amefariki. Lori lake lilipinduka, akafia hospitalini."

Hakulia papo hapo. Aliuliza, "Nani alikuwa naye?"

"Sijui, mama. Nitauliza."

Kilio kilikuja baadaye, na Mzee Simiyu ndiye aliyemshika. Nilibaki pale. Alipouliza kama serikali itamleta, nilimweleza wazi kwamba ubalozi hushughulikia cheti cha kifo, vibali vya kusafirisha mwili, na vitu vya marehemu. Gharama ya safari ni ya familia. Mzee akasema polepole kwamba pengine ni afadhali azikwe huko huko. Mama akafuta uso kwa kanga.

"Aje. Hata akichelewa, aje."

Sasa nawe, mwanangu, umepata kazi kama ile, na naona umerithi kuwaza kwangu. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwulize mfiwa anataka nani kando yake, maana hilo bado anaweza kuchagua. Usimwambie anaumwa. Usilolijua, sema hulijui, kisha ulitafute kweli. Na wazee wanaotaka kuficha usigombane nao. Waache wamshike mtu wao, ila wasimsemee.

Mimi nilirudi ofisini moja kwa moja, nikatuma faksi: mama anasema aletwe. Chini yake nikaongeza swali ambalo hakuna aliyenituma kuliuliza: nani alikuwa naye? Jibu lilipokuja nililipeleka Jericho mwenyewe. Dereva mwenzake, mtu wa Mombasa, alikaa naye hadi mwisho, akimsemesha Kiswahili.

Mungu akupe moyo wa kugonga mlango, mwanangu, na kila utakayempelekea habari nzito asikose mkono wa kushika.