Walivyosugua ndevu za mwamba wetu mpaka maji yakakauka

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshaitika marahaba.

Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipinda mtaninyoosha. Ila stori hii sijaitia chumvi, na waliohusika nawataja.

Juzi binti yangu wa mwisho alikuwa anasoma daftari la sayansi kwa sauti. Mimea isiyotoa maua. Kangaga, na ule ukijani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu.

Akaniuliza, "Mama, mmea usio na ua wala tunda una faida gani?"

Nilitoka nje kwanza.

Iko hivi. Wakati wa vijiji vya ujamaa, huku kwetu Ikungi upande wa mawe makubwa, walitutoa kwenye maboma yetu wakatupanga mistari chini ya mlima. Bahati yetu ilikuwa moja tu, maji yetu ya tangu zamani yalikuwa hapo hapo. Kwenye ufa wa mwamba mmoja maji yalidondoka mwaka mzima, hata mwezi wa kumi, ng'ombe wakiwa wamebaki mifupa.

Ufa huo ulikuwa umevaa kijani. Ukiweka kiganja kinazama, baridi, kama mgongo wa ndama aliyenyeshewa. Unabonyeza taratibu kwa mdomo wa kata, nao unakukamulia maji safi, hata punje ya mchanga hakuna.

Bibi yangu mzaa baba, Bibi Salima, ndiye aliyekuwa mkali wa pale. Kata ya kwanza lazima uimimine tena juu ya kijani. Ukikikanyaga, unarudi mwisho wa foleni.

Siku moja alimrudisha mke wa mwenyekiti, mjamzito wa miezi minane. Akamwambia, "Mwanangu, mimba iko tumboni. Macho je?"

Nadhani chuki ilianzia hapo.

Sasa wahusika. Wa kwanza ni mwenyekiti wetu, Jumanne. Wa pili ni bwana afya mmoja kutoka mjini, Paskali. Tuliambiwa mkubwa wa wilaya anakuja kukagua usafi.

Jumanne akasema mkutanoni, "Ndugu zangu, kweli mgeni anywe maji yanayotoka kwenye ndevu?"

Watu wakacheka.

Bibi akasimama. "Jumanne mwanangu, ndevu hizo zimekunywesha tangu unatambaa. Mvua ikinyesha zinakunywa, kiangazi zinatugawia."

"Shikamoo bibi. Tumekusikia. Ila usiturudishe nyuma."

Wa tatu ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Paskali alisema watoto watakaosugua vizuri watasimama mbele kumwimbia mgeni. Nikasugua kwa brashi ya chuma mpaka jiwe likang'aa. Wakubwa wakang'oa kangaga zilizoota kando, wakazoa udongo wote wa kwenye ufa. Paskali akapaka chokaa.

Mgeni alikuja. Akanywa chai ya kwenye chupa yake, akasifia chokaa kwa mbali, akapanda gari.

Mvua iliponyesha, maji yakashuka mwambani yote kwa mkupuo, mekundu kwa matope. Kesho yake pakavu. Kufika mwezi wa nane, hata tone hakuna. Tukawa tunachota lamboni pamoja na ng'ombe.

Kuhara kukaingia. Mimi nilipona. Mdogo wangu Asha, miaka mitatu, hakupona.

Paskali alikuwa ameshahamishwa. Jumanne akasema ni ukame.

Bibi hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Arobaini ya Asha ilipopita, akanishika mkono tukapanda mlima upande wa kivulini. Akabandua vipande vya kijani vidogo kama sarafu, pamoja na udongo wake.

"Usichukue vyote," akasema, akiupapasa mwamba ule. "Huyu naye ana watoto."

Tukavibandika kwenye ufa wetu kwa matope. Kisha akachukua majani ya kangaga yenye vidoa vya kahawia mgongoni, akayakung'uta pale.

"Hawa hawana maua ya kujionyesha. Mbegu yao ni hili vumbi."

Kila asubuhi Bibi alikunywa nusu kikombe cha maji, nusu nyingine tukaupelekea mwamba. Jumanne akatangaza kijiji kizima kwamba Bibi Salima ananyonyesha jiwe.

Masika mawili yakapita. Kiangazi cha tatu, mwezi wa kumi, nilibonyeza kijani kwa kata. Tone likaanguka. Nikakaa pale muda wa kupika ugali mzima mpaka ikajaa, nikakimbia nayo nyumbani. Bibi alikuwa kitandani, macho hayaoni tena. Akaipokea, akainusa.

"Ni ya kwanza hii?"

"Ndiyo bibi."

"Sasa mimi unaniletea ya nini? Irudishe."

Nikapanda mlima tena, nikaimimina. Ya pili ndiyo aliyokunywa.

Binti yangu nilimjibu kwa stori hii hii, neno kwa neno.

Jumanne yu hai, mzee sana sasa. Namwamkia shikamoo inavyotakiwa. Sijamsamehe, naye hajaomba. Ila anachota pale pale, na kata ya kwanza anaimimina. Nimemwona kwa macho yangu.

Nililojifunza: ukikuta kijani kwenye jiwe la maji, weka brashi chini, uliza kwanza kinafanya kazi gani pale.

Je, kwenu mnakiitaje, na nani aliwafundisha kukitunza? Andikeni, nitasoma zote. Na kama wewe ndiye uliyesugua, andika pia. Hapa hauko peke yako.