Mgeni Hajakaa

Mama yangu hajawahi kuugua kwenye simu. Kila nikimpigia Tanga kutoka huku Kisangani, yeye hajambo, kuku hawajambo, na nikiuliza ukuta wa uani, nao utakuwa haujambo. Kaka yangu yuko Mwanza, mimi nimekuja huku kwa utafiti wa miti ya msitu wa Masako, na mama anaishi peke yake. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama ni mzima kweli, na hicho ndicho asichokisema.

Siku naondoka alinitumbukizia flashi kwenye mkoba. "Filamu zangu hizo. Ukichoka na miti yako utaangalia."

Nilicheka. Nilikuwa sizipendi hata kidogo filamu zile za kwetu, zinazopigwa kwa kamera moja ndani ya nyumba ya kukodi. Gari linafika getini, honi, mlinzi anafungua, mgeni anashuka. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, watoto je, hawajambo, na nyuma yake kinanda kinarudia sauti ile ile kama mtu ndiyo kwanza anajifunza. Nikikamata rimoti nisogeze mbele, mama ananipiga kikofi mkononi. "Mgeni hajakaa, unampeleka wapi?" Mapenzi na ugomvi ningeweza kuviruka, hakujali. Salamu, hata moja, haikurukwa. Nikasema basi, ni ukaidi wa uzee.

Miezi ya mwanzo sikuigusa flashi ile. Makiso, mtaa ninaokaa, ilikuwa na mengi ya kutazama: toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, na lituma, ndizi zilizopondwa, ambayo niliila kwa mashaka siku ya kwanza na kwa pupa siku ya pili. Halafu ikaja Jumapili moja ya mvua, mtandao umekufa, nami nikaichomeka kwenye televisheni ya mwenye nyumba wangu. Huyu ni mshonaji, wa ukoo wa Kiislamu ambao wanasema babu zao walifika na misafara ya biashara. Ninamwita tantine, ndiyo shangazi kwa Kifaransa chao.

Nikashangaa: hadithi sikuifuata kabisa. Nilikuwa nasikiliza vya nyuma. Muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake mahali fulani nje ya picha. Mtu anaburuta kandambili. Na kunguru! Nyumbani nimewarushia mawe kunguru hao tangu utotoni, na leo nilikuwa narudisha filamu nyuma nimsikie mmoja tena. Hata kinanda kile nilikiona kina utamu wake, nikajikuta nakiimba.

Tantine alikuwa na maswali yake, pini mdomoni.

"Bon, batu ya kwenu banasalimiana vile kweli, ao ni mambo ya film tu?"

"Kweli, tantine."

"Hata mulinzi?"

"Hata mlinzi."

"Alors, kazi banafanya saa ngapi?"

Akanyoosha mkono kwenye rimoti aruke. "Mwache!" nikapiga kelele. "Mgeni hajakaa!"

Tukatazamana. Tantine alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, nami nikabaki najiuliza maneno yale yametoka wapi. Kulikuwa na nini kwenye salamu zile? Nikampigia mama nimuulize.

Hakunijibu, lakini alifurahi kama sijui nini. Kwa mara ya kwanza hatukuzungumzia kuku. Alinisimulia wasanii, nani anajua kulia na nani anabana macho tu, na kabla hatujaagana tulikuwa tumekubaliana: Jumapili alasiri, yeye kwake, sisi kwetu, filamu moja, simu imefunguliwa sauti, tubonyeze pamoja.

Tukabonyeza. Gari, geti, mlinzi. Mama alikuwa mbele yetu kwa kila kitu. "Shemeji huyo, mnafiki huyo," akasema kabla mtu hajamaliza marahaba. Tantine akawa anamwuliza, naye anajibu, na mimi nimekaa katikati nimefurahi.

Kisha mke akaingia sebuleni kimya kimya, akasimama nyuma ya kochi, mumewe hana habari anabembeleza hawara kwenye simu.

"Yee iko pale nyuma yake!" tantine akaruka.

"Nani?" mama akauliza.

"Mkewe, mama. Huyo hapo, amejaa kioo kizima."

"Hakusalimu," mama akasema. "Wakisalimu ndiyo najua nani kaingia."

"Tangu lini, mama?"

"Tazama filamu, mwanangu. Mimi sijambo."

Hospitali ya macho ilikuja baadaye, na kaka aliyepanda basi kesho yake. Alasiri ile nilikuwa nimeshika simu tu, na filamu inaendelea bila mtu wa kuieleza. Tantine akazima cherehani. Akavuta kigoda, akainamia simu ile, yeye ambaye juzi tu alizicheka salamu zetu.

"Shikamoo, mama. Ni miye, mwenye nyumba ya mutoto yako. Niko naona yote."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Haya niambie, huyo mwanamke kavaa nini?"