Farasi Waliovaa Kofia

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki, nikaacha shule darasa la tatu nikaanza kuuza asali mitaani hapa Tabora, ndoo kichwani, miguu peku, na tangu siku ile sijawahi kumwambia mteja "hakuna". Ukisema hakuna anakwenda kwa mwingine. Mimi nasema "ipo", halafu natimua mbio kuitafuta. Ndivyo nilivyojenga, ndivyo nilivyooa, na ndivyo nilivyoaibika mbele ya mtaa wetu mzima wa Mtendeni mwaka jana, na nasimulia mwenyewe kwa sababu mmeshaisikia kwa watu walioitia chumvi (mimi sikuanguka, nilishuka).

Binti yangu Mwamini ameolewa Dar es Salaam, kwa Wazaramo. Mama mkwe wake alifariki, na tangu siku ya kuzika, baba mkwe wake, Mzee Pazi, amekuwa mtu wa kukaa barazani kutazama geti. Hacheki. Chakula anakula kwa kubembelezwa. Mwamini akanipigia simu: "Baba, likizo tunakuja na Mzee na Nuru. Nataka tukalale nje, kwenye mahema, kule Kwihara kwenye njia ya misafara. Naogopa, Baba, tukimwacha hivi hivi atamfuata mkewe. Kitu kimoja tu kinamfungua mdomo, ni farasi. Huko farasi wapo?"

Sikuuliza mtu wa Dar habari za farasi kazipata wapi. Nikajibu, "Wapo."

Neno moja hilo. Farasi mwenyewe nilikuwa sijamwona ila kwenye picha. Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akaniuliza, "Baba Mwamini, wapo wapi?" Nikamwambia watakuwepo. Nikazunguka mji mzima, nikaingia hadi kwa yule Mhindi muuza kamba na ndoo, ambaye tunafahamiana tangu enzi za baba yake, akanitazama juu ya miwani akasema, "Mzee Maganga, kamba ya kumfungia ninayo. Farasi ulete wewe."

Basi nikapanda lori mpaka Choma, kwa mfugaji mmoja Msukuma anaitwa Shija, akanionyesha punda wawili, warefu kweli, wamenenepa. "Huyu ukimtazama haraka haraka ni farasi," akasema.

"Na nikimtazama polepole?"

"Usimtazame polepole."

Nikawanunua wote wawili, na njia nzima ya kurudi nikawa najishawishi, kwani farasi ni nini, si punda aliyekula akashiba? Tatizo likabaki masikio. Nikaenda kwa fundi cherehani akanishonea kofia mbili za kitambaa cha bluu, ndefu, za kufunga kidevuni, na yeye akaniuliza ni za watoto wangapi wakubwa namna hii, nikamwambia ashone tu.

Wageni wakafika. Asubuhi ya safari nikawatoa wanyama uani, wamesuguliwa wanang'aa, mgongoni mablanketi, kichwani kofia, nikasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani, "Mkwe, farasi hao!"

Mzee Pazi akawatazama polepole. Akamsogelea mmoja, akampitisha kiganja shingoni, akainama akatazama kwato, akanyanyuka. "Wazuri, mkwe," akasema. Halafu akasema, "Wana kofia."

"Jua la Tabora, mkwe."

"Kweli, ni kali."

Nikashusha pumzi. Tukapanda, kila mmoja wake, mimi mbele, yeye nyuma, Mwamini na mama yake na mjukuu wangu Nuru kwa miguu na mizigo midogo, mahema yametangulia kwa bodaboda. Mtaa mzima umetoka nje. Mimi nimekaza mgongo, napunga mkono (ndiyo, nilipunga mkono, msicheke).

Sasa kuna jambo Shija hakuniambia. Wanyama wale tangu wadogo kazi yao ilikuwa kubeba maji, na punda wa maji akisikia ndoo zinagongana anajua kazini ni hapo, anajipeleka mwenyewe, anageuza ubavu, na haondoki mpaka asikie uzito wa dumu kulia na dumu kushoto. Na pale Mtendeni kuna bomba, na asubuhi ile kina mama walikuwa foleni.

Punda wangu akaacha barabara. Nikavuta kamba, wapi. Akapenya katikati ya kina mama, akageuza ubavu, akasimama. Wa mkwe naye akaja akajipanga nyuma yake, kwa adabu kabisa, kwenye foleni. Nikamwambia twende kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kinyamwezi, nikaongeza maneno ambayo siandiki.

"Mzee Maganga," mama mmoja akasema, "tukujazie mangapi?"

"Muache, dada, huoni mabwana harusi hao wamevaa kofia? Posa inapelekwa wapi, mzee?" mwenzake akadakia.

Nikashuka. Katika kumsukuma, kofia ikanasa kwenye koki, punda akatikisa kichwa, ikachanika, masikio yakachomoka yote mawili, marefu kama majani ya mgomba, akainua shingo akalia ule mlio wao wa kuvuta na kutoa, mtaa ukasikia mpaka sokoni. Simu zikanyanyuliwa kunipiga picha. Nuru akapiga kelele, "Babu! Farasi wako ni punda!"

Mzee Pazi alikuwa bado amekaa juu ya wake, mgongo umenyooka, uso mkavu. "Nuru," akasema, "mheshimu babu yako. Farasi amekohoa."

Vicheko vya watu nilivivumilia. Neno lile ndilo lililonimaliza.

Ikabidi tuazime madumu, tujaze maji, tuwafunge, ndipo wakaondoka, wakatembea vizuri kabisa mpaka Kwihara, na sisi wazee wawili nyuma yao kwa miguu, kimya, tunakula vumbi. Na kimya cha mkwe kilikuwa kilekile cha barazani kwake. Nikajisemea, Maganga, umepewa mtu wa kumfurahisha, umemletea aibu.

Alasiri mahema yamesimama, mama Mwamini anapika, nikamkuta mkwe amechuchumaa, kwato ya punda iko mapajani mwake, anatoa vijiwe kwa kijiti, taratibu, na punda ametulia kama mtoto anayekatwa kucha.

"Umejifunzia wapi?" nikauliza.

"Nilikuwa saisi, mkwe. Ujana wangu wote nimetunza farasi."

Nikachuchumaa upande wa pili wa punda. "Kwa hiyo ulijua."

"Tangu uani kwako."

"Mbona hukusema?"

"Nitamwambiaje mkwe wangu kwamba kanipa punda?" Akaiweka kwato chini. "Hata wewe, siku ya msiba wa mke wangu, mama Salehe, ulikuja na koti, ukanipa mkono, ukasema pole mkwe, ukakaa. Wewe ni Mnyamwezi, mtani wangu. Nilikuwa nakungoja uje kuniharibia msiba kwa utani. Ulale kaburini, udai sahani, uniambie nimemla mke wangu kwa uchoyo. Watu wote walinililia, nikakosa hata mmoja wa kunichekesha."

Nilikuwa nimeona ukwe ndio heshima kubwa zaidi, utani nikaufungia kabatini. Nikasimama, nikaichukua ile kofia ya bluu, nikajivika mwenyewe, nikafunga kidevuni.

"Mzaramo," nikasema, "ukwe umekwisha hadi kesho. Tukana."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. "Wewe mpagazi," akasema, "babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na wewe leo punda wamekukataa kwa sababu huna hata dumu!" Akaendelea, na mimi nikamjibu, kwamba Wazaramo kazi yao ngoma, hata punda kamwona mvivu akampanga foleni, na akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mama Salehe angezimia kwa kicheko," na hapo kicheko kikageuka kilio. Nikakaa naye, kofia kichwani. Mwamini alikuwa amesimama na sahani za wali, hakusogea. Baadaye mzee alikula mbili.

Siku hizi mtu akiniuliza kitu kipo, na hakipo, nasema hakipo. Inaniuma, lakini nasema.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, Mtendeni. Mashine ya kukoboa mpunga. Mizinga ya nyuki porini. Mke yuleyule. Mtani mmoja Dar es Salaam, anayenipigia simu kila Ijumaa kuuliza kama farasi wamepona kikohozi. Punda wawili, kofia moja nzima na moja iliyochanika. Farasi sina.