Sauti ya Mwanamke Uani

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa Mukabalisa ni mikono yake. Ukimnyooshea simu, hata kama ni kumwonyesha picha ya mtoto mchanga, mikono ile inarudi yenyewe nyuma ya mgongo, naye anainama kutazama kama mtu anayechungulia kisima. Wageni hudhani ana maringo. Watu wa Gihundwe, waliomjua tangu akipita na begi la shule, wameigeuza utani. Vijana wa pikipiki wakimwona anapanda kutoka sokoni huambiana, "Ficha telefone, Maman anapita. Ataona ile message ya jana." Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi anapita tu.

Mikono hiyo ilifundishwa. Mukabalisa alisomea kuzisoma simu na kompyuta kwa ajili ya mahakama: kurudisha kilichofutwa, kueleza kilitoka kwenye kifaa gani na saa ngapi. Chama cha wachunguzi kilimpa cheti baada ya mitihani iliyomkondesha, na cheti kilikuja na kiapo. Usifanye kazi kwenye kifaa chenyewe. Toa nakala, ichunguze hiyo, ili mwingine akirudia apate jibu lile lile. Andika chote ulichokiona, hata kikimuumiza aliyekuita. Na kabla hujaanza, taja kila kinachokufunga na wenye kesi. Alikitundika cheti ukutani katika ofisi ndogo aliyoipanga Kamembe, mahali ambapo kila anayeingia angekiona kabla ya kumwona yeye. Wilaya nzima ya Rusizi hakukuwa na mwingine mwenye cheti kama hicho, na jambo hilo alilipenda kupita kiasi.

Ndipo ikaja kesi ya Védastine.

Védastine ni mjane, mkulima wa mpunga huko Bugarama. Alikuwa ameanza kukusanya mpunga wa majirani na kuupeleka Kamembe mwenyewe, badala ya kuwasubiri wachuuzi. Msimu haujaisha, ujumbe wa sauti usio na jina ukaanza kutembea kwenye simu za watu, kutoka bondeni hadi Nzahaha. Mtu aliyebana pua alisema kwamba mwanamke yule huwatilia wageni sumu kwenye vikombe. Basi. Kwa desturi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, nawe ukapokea kwa amani. Védastine alionja, akaonja tena, akanywa hadi nusu, na mgeni bado alikiweka kikombe chini na kukumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani. Harusi ya binti yake ilivunjwa na upande wa mwanamume bila kutajwa sababu.

Alimshuku Hakimu, mchuuzi aliyekuwa akinunua mpunga wa bonde lile peke yake. Wakili wa Védastine, Kayitare, aliifikisha kesi mahakamani, simu ya Hakimu ikachukuliwa, na Mukabalisa akaitwa aichunguze. Mbele ya watu wote jaji alimuuliza kama kuna damu au ndoa kati yake na mshtakiwa. Alijibu kwamba hakuna.

Kwa jinsi alivyoulizwa, alisema kweli. Lakini mama yake Hakimu alifariki akijifungua, na wakati huo mama yake Mukabalisa alikuwa akimnyonyesha binti yake. Alimchukua mtoto yule akamweka kwenye ziwa la pili. Kwa Waislamu wa Kamembe jambo hilo halina mjadala: hao ni ndugu, hawawezi kuoana, na Hakimu mpaka leo huingia nyumba ile bila hodi na kufunua masufuria. Siku ile mahakamani alikuwa ameketi palepale. Alilisikia jibu, akatazama viatu vyake, akanyamaza.

Mukabalisa alijiambia kwamba aliulizwa damu na ndoa, hakuulizwa maziwa. Alijiambia pia kwamba simu ikipelekwa mbali itakaa huko hadi watu wasahau. Hayo yalikuwa maneno ya kujifariji. Moyoni aliamini kwamba Hakimu hana kosa, na alitaka awe yeye, kwa cheti chake, atakayemsafisha.

Alifanya kazi kama alivyofundishwa. Alitoa nakala, akaifunga simu yenyewe kwenye mfuko wenye lakiri, akaanza kusikiliza. Ujumbe ulikuwemo, umerekodiwa kwenye simu ileile. Chini yake zilikuwemo rekodi zilizofutwa, majaribio ya kabla. Katika la kwanza Hakimu anashindwa kuzuia kicheko. Katika la pili analisahau jina la Védastine na kutukana. Katika la tatu anaendelea vizuri, pua imebanwa, mpaka nyuma yake mwanamke anaita kutoka uani: "Hakimu, njo ukule, bugali inapoa."

Mukabalisa alivua visikilizio. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kila asubuhi ya maisha yake. Ujumbe wa sumu ulikuwa umetengenezwa nyumbani kwao, na mtu anayesubiri chakula.

Bado angeweza kujitoa, na alilijua hilo. Badala yake aliandika yote, kicheko na tusi na bugali, akiamini kwamba ukweli ukitimia utafunika kile alichokinyamazia. Mahali pamoja tu alilegea. Aliandika kwamba sauti ya mwanamke inasikika ikimwita mshtakiwa. Hakusema ni ya nani.

Ripoti iliposomwa Védastine alijifunika uso kwa kitenge. Kisha akasimama Twagirayezu, wakili wa Hakimu, mtu mpole mwenye kuuliza kama anayeomba njia.

"Madame, hii sauti ya mwanamke uliisikiliza vizuri?"

"Niliisikiliza, Maître."

"Unaijua?"

Alimtazama Hakimu. Hakimu alikuwa anatazama viatu vyake tena, na hapo ndipo Mukabalisa alipoelewa kwa nini siku ya kwanza alinyamaza: aliuweka undugu wao akiba kwa siku kama hii.

"Ni ya mama yangu," alisema.

"Na mteja wangu alikuwa anafanya nini nyumbani kwa mama yako?"

"Alikuja kula. Mama alimnyonyesha."

Mtu mmoja nyuma alinong'ona mpaka wote wakasikia, "Kumbe ni kaka na dada. Banatuchezea hapa."

Hakimu hakukana hata neno moja la ripoti ile. Hakuwa na haja. Ripoti ya mchunguzi aliyeficha undugu iliwekwa kando siku hiyohiyo.

Védastine alimngojea nje langoni. Hakupaza sauti. "Ukweli wako na kikombe changu sasa ni kitu kimoja," alimwambia. "Hakuna muntu atakunywa."

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yake alikuwa amekwisha kusimuliwa. "Ile maziwa nilimupa, njo ile nilikupa weye," alisema. "Na weye unaenda kuandika sauti yangu ku tribunali?" Tangu siku hiyo humwekea sahani mezani na kuondoka. Hakimu bado anakuja na kufunua masufuria. Akiingia yeye, Mukabalisa anatoka.

Chama kilisimamisha cheti chake. Mahakama iliamuru simu yenyewe, ambayo lakiri yake haikuguswa, ichunguzwe upya na Tuyisenge, mchunguzi kutoka Huye asiyemjua mtu yeyote huku. Wazee wa chama wanasubiri jibu lake ndipo wakae kuamua. Akipata jambo jingine, jina la Mukabalisa litafutwa kabisa. Akipata lile lile, Mukabalisa bado atajibu kwa ule ukimya wake, lakini huenda cheti kikarudi, na Védastine atakuwa na ripoti ambayo hakuna wa kuisukuma kando.

Tuyisenge anafika leo. Mukabalisa amekatazwa kumkaribia au kuzungumza naye, kwa hiyo amekaa chumbani, mikono mapajani. Chumba cha pili mama yake yuko kwenye mkeka wa kuswalia tangu asubuhi, anamwomba Mungu kwa sauti kwamba mashine ya mgeni isisikie kitu. Ukuta ni mwembamba. Kila neno linapita. Naye binti anaomba kimyakimya kwamba mgeni aisikie sauti hiyohiyo, bila kukosa hata neno, mpaka pale bugali inapopoa.

Barabarani kijana wa pikipiki anamwambia mwenzake kwamba basi la Huye limeingia stendi. Chumba cha pili dua inakatika. Mama na binti, kila mmoja upande wake wa ukuta, wanatega sikio.