Bastola ya Anfesia ya Kwendea Mtoni

Kila anayekuja hapa kunywa chai yangu anataka habari ya Anfesia na bastola yake, kana kwamba mimi sina kazi. Samaki wamejaa kwenye beseni, kisu hakijanolewa, na hiki kidole cha kushikia kalamu kimekufa ganzi, halafu eti niandike! Anfesia mwenyewe yupo, mdomo anao, nyumba yake ina mlango. Lakini ukimwuliza yeye atakufukuza, na ukimwuliza Kuzma atakuongopea. Basi kaa chini nikuandikie, na nikikosea herufi meza hivyohivyo.

Kijijini kwetu, samaki wekundu wanapoanza kuingia mtoni mwanzoni mwa kiangazi, samaki wa kwanza haliwi na aliyemvua. Anapelekwa kwa mzee, mtu ambaye miguu yake haimfikishi tena majini. Hakuna anayekutangazia kwamba sasa wewe ni mzee. Siku moja unafungua mlango, unamkuta mtu amevua kofia, samaki mkononi, anakusalimu kwa upole kupita kawaida yake, na hapo unajua watu wameshakuhesabu.

Anfesia alikuwa akipeleka samaki kwenye milango ya watu tangu akiwa msichana wa kusukwa mikia miwili. Mama yake, Fekla, alipeleka kabla yake, samaki wa palepale kwenye kona ya mto ambayo mpaka leo tunaiita Kwa Fekla. Nywele za Anfesia zimekuwa nyeupe, mumewe Nikifor amelala nyuma ya kanisa, na kifundo cha mkono wake wa kulia, alichokivunja kwenye barafu, hakikuunga sawasawa. Pamoja na hayo yote, yeye ndiye aliyekuwa anapeleka. Alitaka jambo moja tu hapa duniani: asiletewe.

Sasa sikia lililomkuta. Mwisho wa msimu uliopita alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anatoa samaki wavuni. Bunduki yake ndefu alikuwa ameiegemeza kwenye jiwe ufukweni kama alivyozoea, maana huwezi kutoa samaki wavuni na bunduki mkononi. Akainua kichwa, akaona dubu amekaa kitako pale kwenye jiwe. Amekaa kama mtu anayesubiri boti. Ananusa bunduki, anailamba mpini, anamtazama Anfesia, anailamba tena.

Anfesia alisimama ndani ya yale maji ya baridi mpaka meno yakaanza kugongana, akimsemesha dubu kwa adabu, mpaka mpwa wake Kuzma alipokuja na boti na mlio wa injini ukamwondoa yule mnyama. Kuzma alicheka njia nzima. Lakini walipofika gatini hakuwa anacheka tena.

"Shangazi, sikupeleki tena Kwa Fekla."

"Nani kakwambia boti ni yako peke yako?"

"Ni yangu peke yangu."

"Mbao nilinunua mimi."

"Mbao zilioza, Shangazi. Hii ni ya bati." Kuzma akakuna ndevu. "Tununue bastola. Uivae mwilini, uweze kuitoa, uweze kulenga. Ukishindwa hilo, tulia nyumbani. Mimi mwenyewe nitakuletea samaki wa kwanza mpaka mlangoni, wala usijali."

Alisema kwa wema. Afadhali angemzaba kibao. Anfesia alipanda kilima kwenda kwake, na majira yote ya baridi alimpikia mkate wa samaki usio na chumvi.

Theluji ilipoanza kulainika wakapanda ndege ndogo kwenda Kodiak, mji mkubwa wa kisiwa chetu, Anfesia na Kuzma, na katikati yao ndoo yenye kifuniko. Rubani aliuliza kuna nini ndani. Anfesia akamwambia aangalie mbele.

Duka la bunduki lilikuwa la Rogelio, Mfilipino mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Baba yake alikuja kisiwani kufanya kazi kiwandani, kukata samaki, na Rogelio mwenyewe aliwakata mpaka alipopata duka.

"Karibu, bibi."

"Bibi yako yuko kwenu. Nionyeshe bastola ya dubu."

Rogelio hakukasirika. Akamwuliza atakuwa anafanya nini, atakuwa amevaa nini, mkono upi una nguvu. Anfesia alijibu swali la kwanza tu. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kabati, kwenye bastola kubwa ya gurudumu la kuzungusha risasi, mtutu mrefu, mpini wa mti uliong'arishwa mpaka unajiona uso. Nikifor alikuwa nayo kama ile, kabla bahari haijaichukua pamoja na koti lake.

"Ile."

"Ile ikifyatuliwa ina teke kubwa, mama. Mabaharia wenye mikono kama makasia wanairudisha. Nikupe hii?" Akaweka mezani bastola nyeusi, bapa, ya kujaza risasi kwenye mpini. "Vijana wote wa boti wanachukua hii. Risasi nyingi, na haipigi teke sana."

"Inafanana na kitu cha kuchomelea mabati. Nataka ile."

"Na huyo dubu aje sasa!" Kuzma akadakia huku akicheka. "Atakutana na..."

Anfesia alimpiga kikumbo cha ubavu hata akagonga kabati. "Funga mdomo! Unajuaje nani anasikiliza?" Maana kwetu dubu hasemwi kwa majigambo, hata ukiwa mjini katikati ya magari. Rogelio, aliyekulia kisiwani, naye alitazama dirishani kidogo kabla ya kuendelea.

Akawapeleka kwenye uwanja wa kulengea shabaha, nje ya mji, na zile bastola mbili. Anfesia akashika kubwa kwa mikono miwili, akafyatua. Mtutu ulipanda mbinguni, kitambaa cha kichwani kikamshukia machoni, na kunguru wote wa kilima kile wakahama. Ile karatasi ya shabaha ilikuwa haijaguswa.

"Nzuri," akasema Anfesia.

"Umepiga wapi, Shangazi?"

"Nilikuwa naizoea."

Akafyatua tena, safari hii macho yakiwa yamefumbwa kabla ya mlio. Kifundo kikaanza kuvimba. Alikificha ndani ya mkono wa koti, akasema karatasi imewekwa mbali, tena jua liko pabaya. Ile nyeusi hakutaka hata kuigusa.

Waliporudi dukani, Rogelio hakubishana naye. Alisema tu, "Mama, wewe ndiye utakayekuwa mtoni." Hapo Anfesia akaona amepata nafasi ya kuwaumbua wote wawili. Akaiweka ndoo mezani, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na samaki mzima wa vuli, aliyekuwa kwenye friza majira yote ya baridi na kuyeyuka njiani, ute wake ukivutika kama uji wa mlenda.

"Yesu na Maria," Rogelio akasema, akisogeza vitabu vyake vya bei.

"Kule mtoni sina mikono mikavu kama yenu ya dukani," akasema Anfesia, akichovya mikono yote miwili na kumkandakanda yule samaki. "Toa risasi zote. Tuone vitu vyenu vya plastiki vitafanya nini."

Rogelio akafungua bastola nyeusi, akamwonyesha kwamba haina kitu, akampa. Anfesia akaishika vizuri. Lakini ile ni bastola ambayo lazima uvute sehemu ya juu kwa nguvu ndipo ikubali kupiga, tena ikikwama lazima uvute tena. Anfesia akavuta, vidole vikateleza. Akavuta tena, vikateleza. Akamtazama Kuzma kwa ushindi.

"Sasa nipe ya kweli."

Akapewa ile kubwa, tupu. Akaikamata kwa ule mpini wa mti uliong'arishwa, akaiinua kama Nikifor. Ikamponyoka kama sabuni. Ilianguka kwenye kioo cha meza, ikaruka, ikatua kwenye kiatu cha Kuzma, na Kuzma akarukaruka kwa mguu mmoja huku akitaja watakatifu wa kanisa mmoja baada ya mwingine.

Hakuna aliyecheka. Anfesia alibaki kutazama viganja vyake. Ndoo aliibeba mwenyewe, tangu nyumbani mpaka pale mezani, na jibu alikuwa amelipata kwa mikono yake mwenyewe. Akaona akilini mlango wa nyumba yake, na Kuzma amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Nyingine unazo?" akauliza, sauti imeshuka.

Rogelio akafikiri, akaingia nyuma, akarudi na bastola ya gurudumu ya wastani, imechakaa rangi, mpini wa mpira wenye vijinundu. "Ya mvuvi mmoja aliyehamia kwa binti yake. Haina cha kuvuta. Unabana kifyatulio, basi. Teke lake utaliweza. Ila nguvu yake si kama ile kubwa, sikudanganyi."

"Ile kubwa inaua mbingu tu," akasema Anfesia, na hapo ndipo wote watatu walipocheka.

Akaishika kwa ute wake wote. Mpira ukang'ang'ania kiganja. Akaitikisa, akaigeuza, akambana Rogelio aivute kutoka mkononi mwake, Rogelio akavuta mpaka miwani ikamtoka usoni. Wakarudi kule uwanjani, na karatasi ikatoboka pembeni, halafu ikatoboka karibu na katikati. Mpaka pale alikuwa bado anataka kuifunga kiunoni kama Nikifor, mpaka Rogelio alipomwuliza, kwa upole tu, "Na ukivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, mama, utaupitisha wapi mkono uifikie?" Akatafakari, akaona angelazimika kujivua nguo mbele ya dubu. Akachukua mkoba wa kufunga kifuani, unaokaa juu ya mpira, chini kidogo ya kidevu. Samaki wa ndooni alimwachia Rogelio. Mkewe alimpikia mchuzi, nasikia.

Tangu siku hiyo mpaka maua ya porini yalipochipua, kila maji yakipwa tulisikia milio ufukweni. Anfesia alitundika boya kuukuu kwenye gogo, akajipaka ute mikononi, akachomoa kifuani, akapiga. Mwanzoni boya lilikuwa salama kuliko watu. Mama Matrona, mkongwe wetu, ambaye kiti chake hakitoki dirishani, alituma mtu kuuliza kama vita vimeanza. Baadaye boya likawa na matundu, halafu likawa matundu tu. Kuzma akaja kumjaribu, akamsimamisha majini na mzigo wa wavu mkononi, akapiga kelele ghafla nyuma yake. Anfesia akadondosha wavu, akageuka, bastola ikiwa tayari mikononi, mtutu ukitazama chini kama alivyofundishwa, na macho wazi.

"Haya," akasema Kuzma, akiokota wavu. "Haya, Shangazi. Kesho twende."

Akamshusha Kwa Fekla asubuhi ya ukungu mwepesi, yeye akaenda kutazama nyavu zake upande wa pili wa ghuba. Samaki walikuwa wameingia. Anfesia aliwasikia kabla ya kuwaona, mikia inapiga maji. Wavu ukatikisika, akaingia, akatoa wa kwanza, mwekundu nyama, fedha ngozi, akamtia kwenye kapu lililofungwa kiunoni.

Vichaka vikafunguka, dubu akatoka.

Sijui kama ni yule wa bunduki. Anfesia anasema ndiye, anamjua kwa sikio lililokatika. Alisimama kwa miguu miwili, pua juu, anapima harufu. Anfesia akauachia wavu. Mkono ukaenda kifuani wenyewe, mpira wa mpini ukamkamata naye akaukamata, mkono wa pili ukaja kusaidia.

"Habari za asubuhi, ndugu," akamwambia, si kwa sauti kubwa. "Mimi ni mtoto wa Fekla. Hapa nina kazi kidogo. Mto ni mrefu, juu na chini, na miguu unayo. Sikutafuti, usinitafute."

Dubu akashuka, akapiga hatua mbele, akavuta pumzi kwa kishindo. Anfesia hakurudi nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa na kina, na hakufyatua, kwa sababu bado walikuwa wanazungumza. Mikono ilikuwa imetulia. Anasema hilo ndilo lililomshangaza, kwamba hofu ilikuwa imeshamfika na mikono haikupewa habari.

Dubu akamtazama sana. Kisha akageuza kichwa, kama mtu aliyekumbuka jambo lake, akaingia majini chini ya mkondo, akabamiza maji kwa kiganja, akaibuka na samaki wake mwenyewe. Akaenda kumlia vichakani.

Anfesia akangoja mpaka mifupa ilipoacha kusikika. Akarudisha bastola, akavuta wavu, akaendelea na kazi.

"Umeona mtu, Shangazi?" Kuzma akauliza aliporudi.

"Nimemwona. Ana shughuli zake."

Hakwenda nyumbani kubadili nguo. Alipanda kilima vilevile, maji yakichuruzika, bastola kifuani, akabisha kwa Mama Matrona, akamsalimu kwa upole kupita kawaida yake, akanyoosha samaki wa kwanza kwa mikono miwili.

Mama Matrona akambonyeza samaki tumboni kwa kidole. "Mdogo."

"Ndiye aliyetangulia."

"Na wewe unatotesha sakafu yangu. Hiyo nini kifuani, redio?"

"Bastola, mama."

"Ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi wa mchana?" Mkongwe akampakata samaki kama mtoto. "Mwakani niletee mwenye mayai. Huyu hana kitu."

"Mwakani nitakuletea mwenye mayai," akasema Anfesia, akatoka pale anatembea kama bibi harusi.

Nimemaliza, na wale samaki wa beseni bado wananitazama. Sasa wewe uliyesoma umekaa tu, chukua kalamu. Niandikie kwa herufi kubwa, macho yangu si mazuri, uniambie kule kwenu mtu anayeingia majini peke yake anabeba nini, na samaki wake wa kwanza anampa nani. Usiponijibu, usinitumie mtu tena kuniomba hadithi.