Mwalimu Zuhura Alipofunga Kitabu

Usiku ule wa kuamkia onyesho nililala na uongo mdomoni. Nilikuwa nimemwomba mke wangu, Rehema, kukicha awapigie watu simu awaambie ninaumwa, mchezo hakuna. Siumwi popote. Naogopa. Ni mchezo wa zamani, wa mtemi aliyekataa kuwalimisha watu wake pamba ya Wajerumani, nasi tulikuwa tunauigiza ndani ya kiwanda kikuukuu cha kuchambulia pamba. Mtemi ni mimi. Miaka yote Mwalimu Zuhura alijibanza nyuma ya pazia na kitabu, akininong'onezea maneno. Tangu tumzike, kila mazoezi nakwama palepale, kwenye hotuba ya mtemi.

Nikaota niko kiwandani, mchana kweupe. Mashine zinazunguka bila sauti. Mwalimu ameketi juu ya mzani wa pamba, miwani yake imefungwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Mara ni darasa letu la zamani, nimevaa kaptula. Mara ni kiwandani tena, na pamejaa vibarua wa enzi kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi, pamba kwenye nywele. Wengine niliwazika kwa mikono yangu. Afisa wa Kijerumani ananiuliza, "Nani aliyekataa kulima?" Ninafungua mdomo. Patupu. Ninamgeukia Mwalimu, naye anafunga kitabu. Hasira zinanipanda. Yaani ametoka huko kote kuja kuniaibisha!

"Unanitazama mimi wa nini?" anasema taratibu. "Waliokuja kukusikiliza ni hao."

Ninawatazama. Hakuna anayecheka, hakuna anayeguna. Mama mmoja anajiweka sawa juu ya gunia, anangoja. Wote wanangoja, na kungoja kwao hakuniumizi. Kisha maneno yanakuja yenyewe, polepole, hadi mwisho. Ninageuka nimwone Mwalimu amefurahi. Mzani mtupu. Nilimlilia pale pale, kwa sauti, kuliko nilivyomlilia msibani.

Niliamka nimekaa kitako kitandani, shingo imelowa machozi. Jua lilikuwa limeshachomoza. Rehema alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Haya, niwaambie unaumwa nini?"

"Usiwaambie hivyo. Waambie waje."

"Na ukikwama, baba?"

"Nikikwama watanisubiri."