Nilimfasiria mama mdogo uongo, akatoa damu

Admin, assalamu aleikum. Usiweke jina langu wala la ukoo wetu. Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto wanne, naishi Garissa. Jambo hili nimelibeba tangu mwaka wa mafuriko, miaka ya tisini, kule Hadado.

Mbuzi walianza kuharibu mimba, kisha homa ikaingia kwa watu. Mume wa habaryar, yaani mama mdogo aliyenilea, alichinja mbuzi mgonjwa. Wiki haikuisha, akafa mbele yetu akitoka damu puani. Habaryar naye akaugua, akapona homa, ila akabaki hoi kitandani. Mimi nilikuwa najishika paji la uso kila saa, nikingoja zamu yangu.

Ndipo wakaja watafiti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, wakanichukua niwe mkalimani. Daktari akaniambia, "Mwambie kwenye damu yake sasa kuna seli zinazotoa kingamwili za ugonjwa huu. Hukaa humo siku chache tu. Tutazitenga moja moja, tutafute yenye kinga kali kuliko zote, labda siku moja ipatikane dawa. Lakini yeye hatumtibu. Anaweza kukataa."

Habaryar akajifunika shuka. "Mume wangu ameisha kwa kutoka damu, na hawa wanataka hii iliyobaki?"

Niliogopa akikataa watanifukuza. Niliogopa zaidi kwamba bila dawa homa itatumaliza sote. Nikamwambia kwa Kisomali, "Habaryar, ukitoa damu watakutibu." Akanyoosha mkono.

"Amekubali?" daktari akauliza.

"Amekubali."

Hakudhurika. Muuguzi alimpa vidonge vya kuongeza damu, naye mpaka leo anaamini ndivyo vilivyomponya. Kila akiswali ananiombea: "Mwenyezi Mungu akulipe, uliniokoa."

Juzi alipigiwa simu. Watafiti wengine wanakuja Alhamisi kutafuta waliopona wakati ule, na mkalimani wao ni muuguzi Msomali. Habaryar amefurahi, anataka kuwashukuru kwa ile dawa, na anataka nikae kando yake. Amepita miaka sabini, presha inamsumbua. Nikimwambia mwenyewe, naogopa dua zake zitageuka. Nikinyamaza, akiwashukuru tu atausikia ukweli kwa mgeni, mimi nimekaa hapo hapo.

Ndugu zangu, nyinyi mngeanzaje kumwambia? Nipeni hata sentensi ya kwanza tu. Leo ni Jumanne.